Mwatum na Mashine Arubaini na Sita

Mke wangu Mwatum hakupenda kuhurumiwa. Ukimwonea huruma alikutusi. Kwa hiyo nitasema yalivyokuwa, basi.

Kwao Tumbatu, Gomani. Mjomba wake alimleta mjini akiwa msichana, akamtia darasa la kupiga chapa. Akapiga chapa maofisini miaka thelathini na mitatu. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kisigino changu. Alipostaafu, kampuni moja ya hoteli ikamchukua. Hoteli yao iko Kendwa. Wana duka Mlandege la kuuzia safari za watalii, na ofisi kubwa iko Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya ghorofa tatu. Mle ndani hakuna ukuta ambao sijaupaka.

Miye ni mwashi wa chokaa. Skuli sikwenda. Watoto hatukujaaliwa. Nyumbani tulikuwa wawili na ulimi wake.

Ulimi ule! Siku nilipokwenda kuposa alichungulia mlangoni akamwuliza mjomba wake, "Huyu Mmakunduchi kaja kuposa au kapita kupaka ukuta?" Nilikuwa nimenawa mara tatu. Chokaa haitoki kwenye kucha.

Kazi yake pale kampuni ilikuwa kuweka daftari la kompyuta. Zilikuwa arubaini na sita, zimetapakaa ghorofa zote tatu, na Mlandege, na Kendwa. Kila kompyuta ina anuani yake, namba ndefu yenye nukta katikati. Aliniambia ni kama namba ya nyumba. Mashine mbili zikishika anuani moja, zinagombana, zote mbili zinakatika. Hapo mgeni aliyelipia chumba kutoka Ulaya anafika na kukuta kalala mtu mwengine. Na anuani zile hazitulii. Mwezi huu mashine ina hii, mwezi ujao imepewa nyengine. Ndiyo maana lazima mtu azunguke kila mwezi, akae mbele ya kila mashine, aitoe namba, aandike.

Mtu huyo alikuwa Mwatum.

Mwaka juzi daktari alimwambia moyo wake umetanuka. Nilikuwepo.

"Bi Mwatum, kutoka leo ngazi uzisahau."

"Na wewe usahau kuniambia maneno kama hayo mbele ya mume wangu."

Daktari akanigeukia miye. "Mzee, nnasema kweli. Ngazi zitamuua."

Ofisi ile haina lifti. Zile ngazi ni za mawe, kila moja ndefu hadi gotini, kama waliojengewa ni majini, si watu. Kwa hiyo tangu siku ile Mwatum alikuwa na shughuli moja tu duniani. Apate anuani za mashine zote arubaini na sita na yeye amekaa kitini.

Nikamwambia, "Acha kazi."

"Nikae nyumbani nikutazame wewe?"

Hatukulizungumza tena.

Pale Mlandege kuna fundi anauza kompyuta kuukuu. Mwatum akawa akitoka kazini anapita kwake, anakaa kwenye kiboksi, anauliza. Fundi alidhani bibi huyu atachoka. Hakuchoka. Alikuja nyumbani na maneno yameandikwa nyuma ya karatasi za kalenda, mistari mifupi mifupi, yenye alama nisizowahi kuziona. Nilimwuliza ni dua?

"Ni amri," alisema. "Naiambia mashine yangu iziite mashine nyengine kwa majina, moja moja, kama mwalimu anavyoita watoto darasani. Kila moja iitike naam, iseme anuani yake, na namba iliyozaliwa nayo, na mlango inaotokea. Mashine yangu iandike. Isiyoitika iandikwe haikujibu. Halafu juu ya karatasi iweke siku na saa."

"Saa ya nini?"

"Anuani inabadilika, Silima. Bila ya saa, karatasi ni uwongo."

Mara ya kwanza alipoiendesha ilimletea orodha nzuri, mistari arubaini na sita. Akafurahi, akamwita Nassra aje aone. Nassra ni karani pale, binti wa watu wa Paje, mpole. Nassra akatazama akasema, "Bi Mwatum, mbona zote zina anuani moja?"

Mashine ilikuwa ikijiuliza yenyewe. Mara arubaini na sita ilijiuliza wewe nani, na mara arubaini na sita ikajijibu.

"Kama Abrahman," alisema Mwatum.

Abrahman ndiye aliyekuwa msimamizi wao. Mtu wa miaka arubaini na kidogo, kanzu nyeupe kila Ijumaa, tasbihi haimtoki mkononi. Alipoanza kazi pale hakujua hata kuandika barua kwenye kompyuta. Mwatum ndiye aliyemfundisha, na alipomfundisha alimchapa vidole kwa rula. Abrahman hakusahau ile rula.

Mwatum akairekebisha ile amri. Tatizo likabaki moja. Mashine haimjibu mtu wa mbali mpaka yenyewe iwe imefunguliwa kumjibu. Ilibidi aende kwenye kila moja, mara ya mwisho, aifungulie mlango. Mlandege akaenda, Kendwa akaenda. Ghorofa zile tatu alizipanda siku tatu, ghorofa kwa siku. Nilimfuata nyuma na ndoo ya chokaa.

"Unanifuata kama mkia, Silima."

"Nnakwenda kwenye ukuta wangu."

"Ukuta wako uko chini."

Alipofika juu midomo ilikuwa ya zambarau. Akakaa mbele ya mashine ya mwisho, akabonyeza, akasema, "Haya. Nimemaliza ngazi za dunia."

Miezi minane hakupanda ngazi hata moja. Kila mwanzo wa mwezi, asubuhi ya Jumatatu, anakaa, anabonyeza, anakunywa chai. Chai haijapoa, mashine zimekwisha itika mpaka ya Kendwa. Miguu yake ikapungua uvimbe. Usoni ikarudi rangi. Nassra alifundishwa kuiendesha, ingawa kuiandika hakujua. Watu wa ofisi wakawa wanapita kumtazama bibi anayezungumza na Kendwa kwa kidole kimoja.

Abrahman hakupita kutazama. Kila mwezi aliichukua ile karatasi, akaandika jina lake chini, akaipeleka kwa tajiri mwenye kampuni.

Mwatum alijua. "Aandike. Jina lake halipandi ngazi, langu halipandi ngazi. Sote tumepona."

Halafu tajiri akatoa habari kwamba anataka kuona kwa macho yake jinsi orodha inavyopatikana. Abrahman akaona hapa nitaaibika. Ikabidi aijue ile amri, ajifunze kuiendesha, asimwulize Mwatum mwenyewe. Akangoja wakati ambao ofisini hakuna mtu.

Sasa pale ofisini wana desturi. Umeme wetu mnaujua, unakatika ukarudi na hasira. Zamani kompyuta mbili ziliungua siku ya Ijumaa watu wote wakiwa msikitini. Tangu hapo kila Ijumaa ikikaribia adhana karibu mashine zote zinazimwa, plagi inachomolewa ukutani, na kila mtu anafunika ya kwake kitambaa. Hata Mlandege wanafanya hivyo, na Kendwa pia.

Ijumaa hiyo Abrahman alisimama uwanjani, tasbihi mkononi, akawahimiza. "Twendeni jamani, hutuba haimngoji mtu." Wakatoka. Mwatum akaja nyumbani kusali. Abrahman akawaambia wenzake watangulie, amesahau kofia.

Jumamosi asubuhi alimwita Mwatum chumbani kwake, akamtupia karatasi.

"Huu ndio mtambo wako? Mashine arubaini na sita, zilizojibu tatu. Miezi minane unanipa uwongo nautia saini. Jumatatu tajiri anakuja. Nitaisoma mbele ya watu wote."

Mwatum akaitazama karatasi. Akatazama juu yake. Akaenda zake.

Mchana tulikula pamoja. Alikuwa akichambua miiba ya samaki changu, akacheka peke yake.

"Abrahman hakwenda Ijumaa," alisema. Akanieleza yote. "Saa imejiandika pale juu, na mjinga hakuiona. Nitamwita pembeni kabla ya kikao. Nitamwambia, mwanangu, ichane hiyo, uje nikufundishe vizuri."

Hapa ndipo miye nilipofungua mdomo. Miaka yote nilikuwa nikinyamaza, siku ile nikafungua mdomo.

"Pembeni kwa nini? Yeye anakuvua nguo sokoni, nawe umvue sokoni."

"Ataniudhi baadaye, Silima. Yeye ndiye mkubwa wa ofisi."

"Mwenye ulimi wa Gomani leo anaogopa?"

Akaacha kuchambua. Akaniangalia. Nilijua kwamba limemwingia, na nilifurahi.

Jumatatu nilikuwa pale pale, juu ya jukwaa, natengeneza ukuta wa uwanja wa ndani. Walikaa chini yangu, watu kama ishirini. Tajiri katikati kwenye kiti cha mkono. Abrahman akasimama na karatasi yake.

"Tajiri, na nyinyi wenzangu. Bibi huyu anakaa kitini mwezi mzima, anatuambia mashine zinamwitika. Mimi nimeupima mtambo wake. Mashine arubaini na sita. Zilizoitika tatu. Tatu, jamaa! Hizo arubaini na tatu zilikuwa zikiitikiwa na mashetani yake ya Tumbatu."

Watu wakacheka. Tajiri naye akacheka.

"Abrahman, mwanangu," Mwatum alisema hapo hapo alipokaa. "Hebu tusomee juu ya karatasi. Pale juu kabisa."

"Juu pana nini?"

"Soma tu. Miye mtu mzima, macho sina."

Abrahman akatazama. Akakohoa.

"Amepaliwa," alisema Shaame, dereva wao. Shaame haachi kitu kipite. "Mpeni maji."

"Nassra, mama, msomee kaka yako."

Nassra akaichukua karatasi. "Ijumaa. Saa saba kasoro dakika nane. Mchana."

Tajiri akainua shingo aione.

"Ijumaa saa hiyo hutuba imeshaanza," Mwatum akasema. "Watu mko safuni. Mashine mmezima, plagi mmechomoa. Zingeitika kwa umeme wa nani? Sasa tuzitazame hizi tatu. Moja ya kamera za mlinzi, haizimwi. Moja ya mapokezi Kendwa, wageni hawana Ijumaa. Ya tatu ni yangu. Miye nilikuwa kwangu, nasali juu ya msala. Nani aliiwasha?" "Wewe uliyetuhimiza hutuba, Abrahman, hutuba uliisikilizia wapi? Chini ya meza yangu?"

"Siku hizi pana msikiti pale," Shaame akadakia. "Mdogo. Unaingia mtu mmoja, kwa magoti."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Miye huko juu nilicheka mpaka mwiko ukanitoka. Tajiri alifuta machozi. Abrahman alisimama katikati, tasbihi imening'inia, na uso wake hauna damu.

Tajiri akainuka, bado anacheka. "Haya, haya. Nnataka orodha kamili kabla ya Alhamisi, namna yoyote mtakayoipata." Akaondoka. Kwake lile lilikuwa jambo la kuchekesha tu, basi.

Jioni Mwatum alikuwa mchangamfu kama siku ya idi. Tulicheka tena sote wawili.

Jumanne alifika kazini akakuta meza tupu. Mashine yake imeondolewa. Abrahman aliagiza ifutwe yote, ati ina ugonjwa. Ndani yake ndimo ilimokuwa ile amri, na ndimo zilimokuwa zile saa. Halafu akabadilisha neno la siri linaloruhusu mashine kuzungumza na mashine nyengine. Mezani akaweka daftari na kalamu.

"Tajiri anataka orodha kabla ya Alhamisi," alimwambia. "Mashine yako ni hiyo miguu, Bi Mwatum. Hiyo haina saa juu."

Nassra akamfuata chooni. "Bi Mwatum, ile amri si unayo kwenye fleshi? Nipe niitie kwenye mashine yangu."

Alikuwa nayo. Fleshi ndogo, kama pingili ya kidole, ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Bila ya neno lake la siri haifungui mlango hata mmoja."

"Basi tumwombe."

"Nimwombe nani?"

"Nipande miye, basi."

"Wewe unaanza mimba, kaa chini."

Akafunga safari. Jumanne Shaame akampeleka Kendwa na Mlandege. Huko ni chini kwa chini, mchanga tu. Shaame aliniambia njia nzima hakumtania. Jumatano asubuhi nilimwambia asiende.

"Nikikaa atasema nilidanganya," alisema. "Wewe si ulisema Gomani hawaogopi?"

Alisema kwa kucheka. Sijui kama alikusudia kunichoma.

Nilikwenda naye. Abrahman alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti. "Mzee Silima, leo hatuna kazi ya ukuta. Ngoja nje." Nikangoja nje, kwenye kichochoro, miye na mapikipiki. Ningeweza kumsukuma nikapita. Nilingoja.

Ghorofa ya kwanza alimaliza. Ya pili alimaliza. Nassra alimsikia akihesabu pumzi ngazini kabla ya ya tatu. Alimkuta amekaa mbele ya mashine, kichwa kimeegemea ukuta. Daftari limo mapajani. Ilikuwa mashine ya arubaini na tatu.

Nassra alipiga kelele. Abrahman akapanda mbio, ngazi mbili mbili. Alifika wa kwanza. Aliangalia, akasema inna lillahi, akalichukua daftari mapajani kwa marehemu. Anuani za mashine tatu zilizobaki alizitoa mwenyewe pale pale, watu wanatafuta shuka. Alhamisi tajiri alipata orodha yake. Ilikuwa na jina la Abrahman chini.

Alihudhuria mazishi. Alishika jeneza mbele.

Wanawake waliomwosha walinipa kanga zake. Fleshi ilikuwemo kwenye pindo. Nikaitia mfukoni mwa shati, na kila shati nililobadilisha niliihamisha.

Mwezi ukapita, na mwengine, hadi wa nne. Anuani zikabadilika, kama kawaida yake. Lile daftari likawa karatasi ya kufungia dagaa. Mashine zikaanza kugombana. Kendwa wageni wawili waliuziwa chumba kimoja, wakatukanana kwa lugha mbili. Tajiri akamwuliza Abrahman, orodha iko wapi?

Siku hiyo nilikuwa Kiponda, nyuma ya nyumba moja, nachemsha chokaa. Mawe yaliyochomwa unayatia shimoni, unayamwagia maji, yanavimba, yanachemka kama uji. Usitie pua hapo. Abrahman akaja na kanzu yake, akasimama mbali kidogo asichafuke.

"Shikamoo, Mzee Silima."

"Marahaba."

"Pole na msiba. Hatujaonana vizuri tangu siku ile."

Nikakoroga shimo.

"Mzee, marehemu aliacha kitu. Fleshi. Nassra ameniambia. Ni mali ya ofisi ile, lakini mimi sitaki maneno. Nipe tu. Itakuwa sadaka yake, kazi yake iendelee kusaidia watu."

"Neno la siri unalo?"

"Ninalo mimi. Nataka fleshi tu."

"Siku ile ulikuwa nalo?"

Akazungusha tasbihi. "Mzee, siku zake zilifika. Mimi nani nizizuie?"

Nikaitoa mfukoni. Nikaishika kwa vidole viwili ili aione vizuri. Akanyoosha mkono. Nikaitupa shimoni. Chokaa ikafunguka, ikaifunika, ikaendelea kuchemka.

Nilitaka kuuona ule uso wa Jumatatu, usio na damu. Nilikuwa nimeungoja miezi minne.

Sikuuona. Abrahman alitazama shimo, akatikisa kichwa, akakunguta pindo la kanzu.

"Umemkomoa nani, mzee?"

"Wewe."

"Mimi?" Alishangaa kweli. "Mimi sipandi. Atapanda Nassra."

Akaondoka. Nassra alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikachukua koleo, nikapekua. Koleo halikuipata. Nikaingiza mkono. Niliipata mara ya tatu, na ngozi ya kiganja ilibaki humo. Nikaiosha kwa maji, kwa mafuta, nikaifunga kitambaa, nikaenda Mji Mkongwe kwa miguu. Nilifika Nassra ameshika daftari, yuko chini ya ngazi.

"Babu, mkono una nini?"

"Itie kwenye mashine. Hii."

Akakifungua kitambaa. Ilikuwa nyeupe, imevimba, mdomo wake umeliwa. Akaitia hivyo hivyo. Akangoja. Akaitoa, akaifuta kwa kanga yake, akaitia tena. Mashine haikuona kitu.

"Imekufa, babu."

"Jaribu."

"Nshajaribu."

Nikamwambia, "Basi nipe daftari nipande miye."

"Utaandika nini?"

"Namba. Namba nnazijua."

"Hizo namba haziko juu ya meza, babu. Lazima uiambie mashine ikuoneshe. Utaiambia nini?"

Arubaini na sita zile, hakuna hata moja iliyonijua.

Abrahman alipita uwanjani na kikombe cha kahawa. "Nassra, adhuhuri inakaribia." Akaingia chumbani kwake.

Nassra akajifunga kanga chini ya tumbo, akaikaza. Akatazama juu.

"Ngazi ngapi mpaka mwisho?"

"Sitini na nane."

"Ulizihesabu?"

"Nilizikarabati miye."

"Mbona ukazifanya ndefu hivi?" Alisema kwa upole. Alitaka nicheke.

Akaanza. Kwenye ya kumi na nne alisimama, akashika ukuta, akaweka daftari kwapani. Nilimwita jina lake.

"Naam, babu," aliitika, bila ya kugeuka, akapanda ya kumi na tano.